Kumwachia mbwa bila kamba San Diego: fukwe nne, na maji kwanza

Kama una mbwa na unaishi San Diego, jibu la haraka ni hili: nenda Dog Beach ya Ocean Beach wakati maji yamepwa, mradi mvua haijanyesha siku tatu zilizopita. Mvua ikiwa imenyesha, au maji yakiwa yamejaa, nenda Fiesta Island ukamkimbize mbwa nchi kavu. Coronado ni pazuri mno, ila usitoke nyumbani kabla ya kuangalia hali ya maji. Del Mar, ikiwa ni kiangazi, iache mpaka Septemba.

Jibu hilo linatosha kwa safari ya kwanza. Baada ya hapo utataka kujua sababu, maana fukwe hizi hubadilika sana. Ufukwe uleule ninaoupa nyota tano leo, keshokutwa baada ya mvua siupi hata moja.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wa hapa wananiuliza kila mara, na maelezo wanayoyakuta mengi yanasifu machweo ya jua. Machweo ni mazuri pwani yote hii. Mtu anayefungua kamba ya mbwa wake ana maswali mengine kabisa: maji ni masafi? Mbwa akichomoka, kuna nafasi gani kati yake na barabara? Maji yakijaa, mchanga unabaki kiasi gani? Na tukimaliza, chumvi naisafishia wapi?

Mbwa wangu anaitwa Shaba, kwa rangi yake. Ni jike, chotara, ana uzito wa kama paundi hamsini na tano, na nilimchukua kutoka kituo cha wanyama waliotelekezwa. Anapenda kukimbia kuliko kuogelea. Hana ugomvi na mbwa wenzake, ila hapendi kurukiwa usoni. Nayataja haya kwa sababu hukumu zangu zote zimetokana na mbwa wa namna hiyo. Mwenye kijibwa cha paundi nane, au mwenye mbwa mzee wa nyonga mbovu, atapima vingine.

Kwanza sheria, maana wageni wengi hudhani jiji lenye pwani ndefu hivi mbwa anaingia popote. Sivyo. Kwenye fukwe za kawaida za jiji, kama Pacific Beach, Mission Beach na La Jolla Shores, mbwa haruhusiwi mchana kabisa. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba, muda uliozuiwa ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Nje ya saa hizo anaingia, lakini kamba haifunguliwi. Sehemu za pwani ambazo jiji la San Diego limeruhusu mbwa aachiwe ni mbili tu, Dog Beach na Fiesta Island. Coronado na Del Mar ni miji mingine, kila mmoja una halmashauri yake na masharti yake.

Sasa Dog Beach yenyewe. Ipo mwisho wa barabara ya Voltaire, upande wa kaskazini wa Ocean Beach, pale Mto San Diego unapoingia baharini. Imekuwa ufukwe wa mbwa tangu 1972, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa Marekani kuruhusiwa rasmi. Hakuna kiingilio, hakuna geti, na iko wazi saa ishirini na nne.

Uzuri wake unatokana na mto. Penye mlango wa mto pwani inatanuka, na maji yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, fungu kubwa la mchanga huibuka. Katikati ya mchanga hubaki vidimbwi vya maji ya magotini, vuguvugu kuliko bahari, ambamo mbwa asiyejua kuogelea anaweza kuingia kwa hiari yake na kutoka kwa hiari yake. Upande mmoja kuna mawimbi, upande mwingine maji ya mto yametulia. Mbwa anachagua.

Upana huo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mbwa wawili wakikutana kwenye njia nyembamba hulazimika kutazamana uso kwa uso, na kwa mbwa huo ni uchokozi. Wakikutana mahali papana hawafanyi hivyo: kila mmoja anapinda kidogo, wanazungukana, wananusana nyuma, kisha kila mtu na njia yake. Siku moja alikuja mbwa kijana wa aina ya labrado, mkubwa, anakimbia moja kwa moja kumwelekea Shaba. Niliona mkia wa Shaba ukiganda, masikio yakirudi nyuma, mdomo uliokuwa wazi ukafunga. Sikupiga kelele wala sikukimbilia kumshika. Niligeuka, nikaanza kutembea kuelekea kwenye mawimbi huku nikimwita kwa sauti ya kawaida. Alipogeuza kichwa kunifuata, yule labrado naye akapoteza ile njia yake iliyonyooka, akapunguza mwendo, akapita ubavuni. Baada ya muda mfupi walikuwa wanafukuzana kwenye vidimbwi, maji yanaruka, na mwenye labrado ananipungia mkono kutoka mbali. Hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwa na pa kugeukia. Maji yangekuwa yamejaa tusingekuwa na nafasi hiyo.

Maji yakijaa, watu na mbwa wote hubanwa kwenye ukanda mwembamba karibu na mawe na njia ya kuingilia. Kila mbwa anayefika anakutana na kundi lililosimama mlangoni. Ugomvi mwingi nilioushuhudia pale ulitokea saa hizo. Kwa hiyo mimi siulizi kama ni Jumamosi au Jumanne, nauliza maji. Jumamosi yenye kupwa kukubwa ina nafasi kuliko Jumanne ya maji kujaa.

Na kwa waliokulia pwani nyingine, jihadharini: mazoea ya kwetu hayatoshi hapa. Pwani hii nayo hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, lakini kupwa kumoja huwa kukubwa sana na kwa pili kudogo. Wakati wa kipupwe, kupwa kukubwa kwa bamvua huangukia alasiri. Wakati wa kiangazi huangukia alfajiri na asubuhi mapema. Maana yake Desemba na Januari unaweza kutoka kazini mapema ukakuta mchanga umetanda hadi mbali, na Julai uamke na ndege. Jedwali la maji linatolewa bure na NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa. Tafuta kituo cha La Jolla.

Jambo moja la hatari pale: mkondo wa mto. Maji yanapotoka, mkondo kwenye mfereji huenda kwa nguvu kuelekea baharini, hata kama juu unaonekana umetulia. Mwenye mbwa anayefukuza mpira bila kufikiri, arushe mpira kwenye mchanga au sambamba na ufuko, asiurushe kwenye mfereji. Mbwa mdogo akishachukuliwa na mkondo ataendelea kuogelea kuelekea mpira, siyo kuelekea kwako.

Hakuna uzio. Narudia, hakuna uzio, na pakingi iko karibu, magari yanazunguka yakitafuta nafasi. Kamba ifunguliwe mkiwa mmeshafika mchangani mbali na magari, na mwito wako uwe unafanya kazi. Mbwa ambaye nyumbani hakuitikii akiwa na kitu cha kuvutia mbele yake, pale hatakuitikia kabisa. Nilimfundisha Shaba kwa kamba ndefu ya mita kumi, nikamwita, akija anapata kipande cha kuku na anaachiwa tena. Hilo la kuachiwa tena ndilo muhimu. Mbwa akiitwa na kila mara kuitwa kukawa mwisho wa mchezo, atajifunza kutokuja.

Wengi wetu tulikua tukimjua mbwa kuwa mlinzi: mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, mgeni akibisha hodi anabweka. Mbwa aliyelelewa hivyo kazi yake ni kumtilia shaka kila asiyemjua. Ufukwe wa bila kamba unamtaka apishane na wageni na aone ni kawaida. Usimtoe mbwa wa namna hiyo nyumbani ukampeleka Dog Beach Jumapili. Utamwonea, na utawaonea wengine.

Kuna na upande wa binadamu. Shangazi yangu alipotutembelea alitaka kuona, lakini mbwa anawaogopa tangu utotoni. Tulisimama kwenye njia ya lami ya waenda kwa miguu na baiskeli inayofuata ukingo wa mto, ambapo mbwa wanatakiwa kuwa na kamba. Aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akanionyesha mbwa mmoja mweusi aliyekuwa peke yake akichimba shimo.

"Mwanangu, yule hana mwenyewe?"

"Anaye, shangazi. Yule mama mwenye kofia ya buluu."

"Mbona amemwacha mbali hivyo?"

Nikamwambia angoje. Yule mama akapiga mluzi, na mbwa akaacha shimo lake akaja mbio. Shangazi alicheka, akasema basi huyo ana adabu. Hakushuka mchangani, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu. Mgeni wako akiwa anaogopa, au akiwa hataki kuguswa na mbwa kwa sababu ya sala zake, njia ile inamfaa vizuri. Mchangani pale mbwa wa watu watakuja kujikung'uta maji juu yako bila kuuliza.

Sasa mvua, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika yote haya. Mto San Diego unapita katikati ya jiji. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani hayapelekwi kwenye mitambo ya kusafisha maji machafu, yanaingia kwenye mitaro na kwenda moja kwa moja mitoni na baharini, pamoja na mafuta ya magari, takataka, na kinyesi cha kila mnyama aliyepita mitaani tangu mvua ya mwisho. Na mvua hapa huweza kukosekana kwa miezi, kwa hiyo ile ya kwanza inasomba mengi. Kaunti huwashauri watu wasiingie baharini wala kwenye ghuba kwa saa 72 baada ya mvua. Dog Beach iko mdomoni mwa mto huo. Hakuna ufukwe wa mbwa unaopata uchafu huo kwa ukaribu zaidi.

Watu wanasema mbwa ana tumbo gumu. Mbwa anakunywa maji anayochezea, kisha anarudi nyumbani na kujilamba manyoya mpaka yakauke. Chochote kilichokuwa mtoni amekimeza mara mbili. Baada ya mvua utawaona mbwa wamejaa pale, jua limetoka, hewa safi, kila mtu amechoka kukaa ndani. Inaniuma kuwaona. Siku tatu si nyingi, subirini.

Hali ya maji inaangaliwa kwa urahisi. Kaunti ya San Diego inapima fukwe na kutangaza matokeo kwenye tovuti yake, na tangu 2022 inatumia kipimo cha DNA badala ya ile njia ya zamani ya kuotesha bakteria maabara na kungoja hadi kesho. Matokeo hutoka siku ileile. Naifungua ile ramani kabla sijachukua ufunguo wa gari. Hata siku isiyo na mvua naiangalia, maana mabomba hupasuka.

Na kinyesi kiokotwe. Mifuko hutolewa pale, mapipa yapo. Ukiacha cha mbwa wako, maji yakijaa yanakichukua, na mtoto wa mtu yuko mtoni.

Fiesta Island watu huidharau, kwa kuwa haina mawimbi na haina picha nzuri. Mimi naipenda sana. Ni kisiwa cha kutengenezwa, kilichotokana na mchanga uliochimbwa wakati Mission Bay inageuzwa kutoka kinamasi kuwa ghuba ya starehe. Kuna barabara moja ya kuzunguka, ya upande mmoja. Eneo kubwa la mbwa liko kusini-magharibi, na upande wa barabara kuna uzio. Ndani kuna vijia, vilima vidogo vya mchanga, na ufuko wa maji yaliyotulia kabisa. Mbwa mgeni, mbwa mwoga, mbwa anayejifunza mwito, aanzie hapa. Mnaweza kutembea muda mrefu mkakutana na mbwa wachache tu, na kila mmoja umemwona akija tangu mbali.

Shaba alijifunzia kuogelea hapo. Nilimvalisha jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni, nikaingia mwenyewe hadi kiunoni, nikasimama. Hakuvutwa wala hakutupwa majini. Aliingia hadi kifua, akatoka, akaingia tena, akalia kidogo, mwisho miguu ikaacha mchanga. Mara ya kwanza mbwa hupiga maji kwa miguu ya mbele tu, mwili umesimama wima, anachoka haraka. Ule mshikio wa mgongoni unakuwezesha kumwinua kiuno mpaka miguu ya nyuma nayo ianze kufanya kazi. Kazi hiyo huwezi kuifanya penye mawimbi.

Eneo hilo nusura likatwe. Mpango mmoja wa kisiwa ulikuwa upitishe barabara ndani ya sehemu ya mbwa. Wenye mbwa walijitokeza kupinga, na mwaka 2019 halmashauri ya jiji ikachagua mpango unaoliacha zima. Nawashukuru wote waliokwenda kwenye vikao vile, kwa sababu sehemu kama hii ikishakatwa hairudishwi.

Matatizo yake: hakuna kivuli cha maana, na kiangazi mchanga unaunguza. Weka nyuma ya kiganja chako chini, ukishindwa kuvumilia kwa sekunde kadhaa basi nyayo za mbwa nazo hazitavumilia. Beba maji ya kutosha. Kuanzia mwisho wa majira ya machipuko nyasi hukauka na kutoa mbegu zenye ncha kali na vinywele vinavyoelekea nyuma. Mbegu hiyo ikiingia katikati ya vidole, sikioni au puani, kila mbwa anapojitikisa inazidi kwenda ndani na hairudi. Nikirudi kwenye gari nakagua kila nafasi ya kidole, nakunja sikio, naangalia ndani. Mbwa akianza kupiga chafya mfululizo au kutikisa kichwa upande mmoja baada ya kutoka huko, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na mwenye mbwa anayeogopa milipuko aondoke kabla ya giza nyakati za kiangazi, kwa sababu ng'ambo ya maji kuna SeaWorld, bustani ya maonyesho ya wanyama wa baharini, ambako fataki zimekuwa zikirushwa usiku. Wikendi za Julai za mashindano ya Over-the-Line, mchezo wa mpira wa kupigwa kwa gongo, kisiwa hujaa watu, mimi huwa siendi.

Kaskazini mwa kisiwa kuna sehemu iliyozungushiwa uzio kwa ajili ya ndege. Ni membe wadogo, wanaotaga mchangani waziwazi kati ya Aprili na Septemba, yai la rangi ya mchanga juu ya mchanga. Wamo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu 1970. Mbwa hahitaji kumuuma ndege ili amdhuru. Akiwarusha tu kutoka kwenye mayai, jua linamaliza kazi, au kunguru. Hali ni hiyo kwa vile vindege vidogo vya kijivu vinavyokimbia mbele ya wimbi Coronado na kwingineko. Shaba anapenda kufukuza ndege, kwa hiyo nikiona kundi limetua namfunga kamba na kupita mbali. Ndege aliyesafiri kutoka kaskazini ya mbali anapumzika pale kwa sababu hana nguvu zaidi.

Coronado ndiyo pwani nzuri kuliko zote nne kwa macho. Mchanga ni mwingi, mpana, na una chembe za maika zinazometameta. Sehemu ya mbwa ni ule mwisho wa kaskazini, inakopakana na uzio wa kituo cha wanamaji cha North Island. Gari unaliacha kwenye Ocean Boulevard, kisha unatembea mchangani kwa kamba mpaka ufike kwenye mabango. Kutembea kwenyewe ni kurefu, na mwenye mbwa mzee afikirie kurudi kabla ya kwenda. Helikopta na ndege za jeshi hupita karibu na kelele zake ni kubwa. Shaba amezizoea, lakini nimeona mbwa wakitetemeka na kukataa kuondoka kwenye miguu ya wenyewe. Pana sehemu ya kuwaoshea mbwa, jambo ambalo nalithamini sana.

Kinachoinyima nyota ni maji, na kosa si la ufukwe. Mto Tijuana unaingia Marekani ukiwa umebeba maji taka kutoka Mexico, ng'ambo ya mpaka, na kumwagika baharini karibu na Imperial Beach. Pwani ya Imperial Beach imefungwa sehemu kubwa ya muda tangu mwishoni mwa 2021. Mawimbi yakitoka kusini, mkondo wa pwani husukuma uchafu huo kaskazini, na Coronado hufungwa pia, hata siku kavu kabisa yenye jua. Harufu si kipimo, wala rangi. Angalia ramani ya kaunti, na ukikuta bango la kufungwa ufukweni, rudi. Mbwa hawezi kusoma bango, na huwezi kumwachia kwenye mchanga ukamzuia asiguse maji.

Tatizo moja nimekutana nalo fukwe zote, nalo ni watembeza mbwa wa kulipwa. Wengi ni watu makini. Lakini nimemwona mfanyakazi wa kampuni moja akishusha kundi zima kwenye gari, akawafungulia wote kwa pamoja, kisha akashika simu. Mbwa wakiwa kundi hufanya mambo ambayo hakuna hata mmoja wao angeyafanya peke yake. Shaba alizingirwa, na haikuwa rahisi kumtoa. Kama unamlipa mtu akupelekee mbwa ufukweni, muulize anafungulia mbwa wangapi kwa wakati mmoja, na uende siku moja ukatazame kwa mbali.

Ninachobeba ni kidogo. Maji baridi ya kunywa, mengi kuliko unavyodhani, na namnywesha kabla hatujafika mchangani ili asianze na ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mbwa anayerudia kuokota mpira majini huyameza maji hayo kidogo kidogo bila kujua, na dalili ya kwanza ni kuharisha au kutapika njiani kurudi. Mpira wa manyoya wa tenisi nimeuacha kwa sababu hiyo, unanyonya maji na kushika mchanga. Natumia kitu cha mpira laini kinachoelea. Mwani mkubwa uliotupwa na bahari asiuchezee hadi kuumeza, unavimba tumboni. Samaki waliokufa pia, maana wengine wana ndoana ndani. Na wewe mwenyewe ukiingia maji mafupi wakati wa joto, buruta miguu, samaki aina ya taa hujifukia mchangani na watahama wakisikia unakuja.

Simba bahari aliyelala ufukweni asisogelewe hata kama anaonekana amekufa. Anauma vibaya, anaweza kuwa mgonjwa, na sheria ya Marekani ya 1972 inakataza kumsumbua. Mfunge mbwa kamba papo hapo na uwaonye wanaokuja nyuma yako.

Baada ya yote, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwapani, katikati ya vidole na chini ya ukosi, yaani mshipi wake wa shingoni, na ukaushe masikio. Ukosi wa ngozi uache nyumbani. Vifungo vya shaba nyeupe au vya chuma cha pua hudumu, vile vya bei rahisi hushika kutu na kifungo kinaganda wazi siku unapokihitaji. Beji ya leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa ziwe sawa, ni lazima kisheria na siku mbwa wako akigombana ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa.

Del Mar sina mengi ya kusema kwa sababu ni rahisi kupendeza. Ni North Beach, kuanzia barabara ya 29 kwenda kaskazini, penye mlango wa Mto San Dieguito. Kuanzia siku inayofuata Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba, hadi 15 Juni, mbwa anaachiwa mradi anatii sauti. Baada ya hapo, kiangazi, sheria hubana na kamba hurudi. Watu wa pale wameizoea na wana mbwa wenye mafunzo mazuri, wanakumbushana wenyewe kwa wenyewe, kwa upole. Nako ni mlango wa mto, kwa hiyo ile kanuni ya siku tatu baada ya mvua inahusika vilevile. Kutoka katikati ya jiji ni mwendo kidogo, na pakingi ni shida, kwa hiyo mimi hufika kabla ya saa mbili asubuhi, nikipendelea Novemba, wakati maji bado hayajawa baridi sana na wageni wa kiangazi wameshaondoka.